Rondele Chini ya Resori

Gereji yetu iko Majengo, kwenye kiwanja cha mawe meusi ambacho hakijawahi kusawazishwa, kwa hiyo kila gari linaloingia tunalitegea mbao chini ya magurudumu. Tuko wawili. Mwenzangu amenizidi umri, anatoka familia ya madereva wa Maniema na ufundi aliupata kwa baba yake. Mimi nilijifunza kwa vitabu vya Kifaransa na kwa kufungua injini zilizokwisha kufa.

Gari lile lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara. Hupanda Kibumba na sukari na sabuni, hushuka na kabichi. Injini yake ni ndogo, ya petroli, yenye turbo. Fundi mwingine alikuwa amemfungia abrakamu iliyotoka Dubai, yaani ule mhimili wenye vinundu unaofungua supapu, na vinundu hivyo vilikuwa virefu kuliko vya zamani. Aliahidiwa nguvu. Badala yake, kwenye mpando wa Kanyaruchinya, injini ikizunguka kwa kasi, ilikatakata.

"Papa, iko nakohoa sawa muzee wa tumbako," aliniambia. "Batu banasema muongeze presio ya turbo tu."

"Bale banasema, bako na gari?" mwenzangu akauliza.

"Bako na midomo."

Sikutaka kugusa turbo. Supapu hufungwa na resori, yaani springi yake. Kasi ikizidi, resori dhaifu haiwahi kuirudisha. Supapu inabaki inaelea, wazi, wakati ingepaswa kuwa imefunga. Na hewa ya turbo inaisukuma supapu ya kuingizia kutoka mgongoni, kwa hiyo resori ina kazi mbili. Presio, yaani msukumo huo wa hewa, ikiongezwa, kosa linakua, na supapu iliyochelewa inaweza kugongana na pistoni inayopanda. Hapo injini imekwisha, na mama yule hana nyingine.

Mwenzangu alikubali kwamba resori ni dhaifu. Dawa yake ni ya gereji nyingi hapa: rondele, kile kisahani cha chuma chenye tundu, chini ya kila resori, ili ikae imebanwa zaidi. Imeponya magari mengi. Nilipotoka kutafuta vipuri alizipanga mbilimbili, na niliporudi mama alikuwa amekaa kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Ngoja kwanza, mama."

Nilitoa buji zote, zile plagi za cheche, nikavalisha spana na kuizungusha injini kwa mkono. Ilienda kidogo, ikagoma. Haikuwa na ule uzito wa kawaida unaolegea ukisukuma. Ilikuwa kama kugusa ukuta.

"Kaza mukono," mwenzangu alisema. "Weye uko na mikono ya karani."

"Sikazi, muzee. Leta taa."

Tukafungua kifuniko cha juu. Pale kinundu kilipokuwa kimeshuka mwisho, mizunguko ya resori ilikuwa imegusana yote, hata karatasi isingepita. Kwa abrakamu ya zamani rondele zingefaa. Hii inashuka zaidi, na rondele zilikuwa zimekula nafasi yake. Mama angewasha, kitu kingevunjika.

Mwenzangu alichungulia muda mrefu.

"Aa. Zimelaliana." Akachukua spana, akaanza kufungua mwenyewe.

"Na kabichi yangu?" mama aliuliza. "Imeshakatwa, iko barabarani!"

Tulirudisha resori bila rondele. Tukaagiza nyingine ngumu zaidi kutoka Kampala, na mama akatoa rangi yake ya kucha, nikapiga mstari kwenye saa ya mizunguko: sindano isipite hapa hadi zifike.

"Kwa hiyo hata lori itanipita?"

"Itakupita."

"Batanicheka mupaka Rutshuru."

"Bacheke," mwenzangu alisema. "Injini ni yako, kicheko ni yabo."

Resori zilipofika, mama alituazima mizani yake ya viazi. Nilibana kila moja juu yake hadi kimo itakachokuwa nacho supapu ikiwa wazi kabisa, nikasoma uzito, nikahakikisha mizunguko bado ina nafasi. Moja ilikuwa laini kuliko nyingine. Nikaibadilisha na ya akiba.

Tulipanda naye wote wawili, sukari ikiwa nyuma. Kwenye mpando alishikilia vitesi ya pili, yaani gia ya pili, sindano ikapanda, na sauti ikabaki moja, safi, hadi juu. Tulipofika Kibumba, mama aliiacha injini izunguke polepole kwanza, turbo ipoe, naye akaenda kugombana juu ya bei ya kabichi.