Nilivyokwenda Mombasa Kuulizia Neno Zenith

Sikutoka Vanga kwa kupenda matembezi. Nilitoka kwa ajili ya ami yangu Omari, mwadhini wa msikiti wetu tangu mimi sijazaliwa, na kwa ajili ya neno moja la Kiingereza lililokuwa karibu kumwondoa kwenye adhana. Ilikuwa wakati wa vita, msimu wa kusi. Masudi, kijana wa mtaani kwetu, alikuwa amerudishwa kutoka jeshini akiwa na mguu mbovu, saa ya mkononi na Kiingereza cha kambini. Siku moja baada ya sala akasema mbele ya watu kwamba Ami Omari huchelewa kuadhini adhuhuri. Jua hufika zenith saa sita kamili, akasema, na hiyo zenith ndiyo adhuhuri yenyewe. Waingereza wamekwisha kuipima. Neno hilo hakuna aliyelijua, na kwa sababu hiyo hasa watu wakaliamini. Wazee wakakata shauri kwamba ikifika Alhamisi bila jibu, adhana apewe mtu mwingine.

Mimi nilimshuku Masudi papo hapo. Alikuwa na mdogo wake mwenye sauti nzuri, na dalili ya mvua ni mawingu. Nikamwambia ami kuwa nakwenda Mombasa kuitafuta maana ya neno.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Mwenye kutaka kuadhini na aadhini."

Upole wake ulinichoma. Adhana ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani, hana mke wala mtoto, na watu walitaka kumnyang'anya kwa neno ambalo hata hawakuweza kulitamka.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la nazi. Masika yalikuwa yameila barabara, tukasukuma mara kwa mara hadi Msambweni. Dereva akaniuliza kama naenda kutafuta kazi bandarini. Nikamwambia natafuta neno. Akanitazama, akahamisha kifurushi chake cha chakula kutoka upande wangu, na hakunisemesha tena.

Feri ya Likoni tuliivuka alasiri. Vita ilikuwa imewafanya watu wote wawe wepesi wa kudhani, na askari aliyesimama pale alikuwa mwepesi kuliko wote. Alikifungua kikapu changu, akaona kanzu, kofia na mkate.

"Wataka nini mjini?"

"Maana ya neno."

Hapo akakifungua kikapu mara ya pili.

Kibokoni nilifikia kwa Maalim Abdalla, mtu aliyesoma pamoja na marehemu babangu. Alikuwa mwalimu wa dini na wa ilimu ya falaki, yaani hesabu za jua, mwezi na nyota. Alinikaribisha kwa salamu ndefu za kwao, akauliza habari za kila mtu hadi za mbuzi. Nilipomweleza jambo langu akacheka kidogo.

"Kiingereza sikijui," akasema. "Mwenye kamusi hapa karibu ni Taibali wa Ndia Kuu. Nenda, lakini usimwambie kuwa walala kwangu."

"Mna nini?"

Akageuza uso. Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyenidokezea kutoka ndani. Taibali ni Bohora, Mhindi Mwislamu, na Mabohora mwezi wao huuhesabu, hawaungoji uonekane. Basi Ramadhani iliyopita Idi yao ilitangulia kwa siku moja, na Taibali kwa wema wake akampelekea jirani sinia ya halua. Maalim alikuwa bado amefunga, tena yu na kiu. Akaona amefanyiwa stihizai. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu, na halua waliila paka.

Asubuhi ya pili nikaenda Ndia Kuu. Duka la Taibali lilikuwa la karatasi, wino na vitu vya shule, na mwenyewe alikaa juu ya kijigodoro, miwani imemshuka puani. Nilimtajia neno. Akaitoa kamusi kubwa, akapekua taratibu, akasoma kimya, kisha akanitazama mimi, kisha kofia yangu.

"Bwana, hili neno asili yake Kiarabu."

Nikajisemea, haya, tumeanza. Ameona kofia, sasa kila kitu kitakuwa Kiarabu, mwisho ataniuzia na kamusi.

"Neno la Waingereza litakuwaje Kiarabu?" nikamwuliza.

"Mimi nasoma tu. Samt ar-ras. Ndia ya juu ya kitwa. Wataalamu wa Ulaya walilichukua katika vitabu vya Waarabu vya nyota, likapita kwa Walatini, likapita kwa Wafaransa, kila mmoja akilimegua kidogo. Kwa Mwingereza likafika hivi."

Akanieleza maana. Zenith ni pale mahali mbinguni palipo sawa juu ya utosi wako unaposimama. Lakini Waingereza, akasema, hulitumia pia kwa kilele cha kila jambo. Mtu akiwa katika nguvu zake zote, biashara ikiwa imestawi kabisa, husema iko kwenye zenith yake. Hata dola. Hapo akashusha sauti, akatazama mlangoni. "Na likishafika huko, jua hufanya nini, bwana? Mimi sikusema kitu."

Nilitoka nimejaa maneno na sikuyaamini hata moja. Lakini njiani likanijia wazo. Watu wawili wanaopendana wakikubaliana, huenda wamepatana. Wasiosalimiana wakikubaliana, hapo pana haki. Nikarudi kwa Maalim, nikamwuliza bila kumtaja Taibali, "Maalim, samt ar-ras ni nini?"

"Ni pale juu ya utosi wako," akajibu mara moja. "Umeipata wapi? Imo katika vitabu vyetu vya falaki."

Nikamwambia nilikoipata. "Taibali kasema hivyo? Basi kasema kweli," akasema, kama mtu anayemeza dawa.

Akanichukua uani, akasimamisha kijiti juani. "Tazama. Utosi ni mahali, si wakati. Jua letu hupita hapo juu barabara mara mbili tu kwa mwaka, siku nyingine hupita kando. Sasa ni kusi, limeelemea kaskazini, kwa hivyo kivuli cha mtana chalala kusini. Likifika kati hasa, kivuli huwa kifupi kuliko vyote. Hapo adhuhuri bado haijaingia. Ngoja mpaka kipinde kwenda mashariki, kianze kurefuka. Hapo ndipo huadhiniwa. Na saa ya serikali haiujui utosi wa Vanga."

Tuliinama pamoja mpaka kivuli kikapinda. Nilifurahi hata nikataka kulia. Ami alikuwa akingoja kivuli, na kungoja ndiko kulikokuwa sawa. Masudi alikuwa na neno bila maana yake.

Jumatano asubuhi niliaga. Bi Zuhura alinifungia visheti, na nusu yake, akasema kwa sauti ya kusikika barazani, nimpitishie Bwana Taibali. Maalim alikohoa, hakukataza. Ng'ambo ya Likoni, nikingoja lori, nilichomeka kijiti mchangani nijizoeze. Askari mwingine akaja akakipiga teke, akaniuliza nampimia nani. Sikumlaumu. Mwenyewe nilikuwa nimepima watu siku zote hizo.

Vanga niliingia usiku, na Alhamisi kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa uani pa msikiti. Nilisimama nikasema yote: asili ya neno, maana yake, wanavyolitumia wenyewe, na mashahidi wangu wawili wasiokula sinia moja. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Masudi alisikiliza akiegemea fimbo yake, akasema, "Kama ni hivyo, neno nilipewa nusu." Basi. Hakubisha, na kutobisha kwake nikakushuku pia.

Ushindi ulinilevya. Nikachomeka kijiti katikati ya ua, nikamwita Ami Omari mbele ya wote. "Mwenye macho haambiwi tazama," nikasema. "Ami, hebu waambie, kivuli kimefika wapi?"

Ami akaja polepole. Akainama. Akautazama mchanga wa upande wa kaskazini, mahali pasipokuwa na kivuli chochote, akautazama muda mrefu, huku kivuli chenyewe kimelala kusini, karibu na kidole cha mguu wake.

Alikuwa haoni. Sijui tangu lini. Alikuwa akichelewa kwa sababu alingoja hata awe na hakika kwamba wakati umekwisha kuingia, na mimi nilikuwa nimesafiri hadi Mombasa na kurudi kuja kumweka mbele ya mji mzima atazame.

Masudi alikuwa karibu zaidi. Akachechemea hatua mbili, akasimama kati ya ami na watu, akaelekeza fimbo chini kama anayejifunza.

"Bado, Ami, si ndiyo?" akasema kwa sauti. "Kiko kusini, hakijapinda."

"Bado," akasema Ami.

Tukangoja. Masudi hakuondoa macho kwenye kijiti, wala hakuitazama saa yake.

"Sasa naona kimepinda, Ami. Au nimekosea?"

"Hukukosea," akasema Ami, akageuka, akashika ukuta, akaenda kuadhini.

Tangu siku hiyo kila adhuhuri Masudi alifika msikitini mapema kuliko watu, akisema mguu wake unataka kivuli. Ami aliadhini hadi mwisho wa umri wake. Leo yuko mbele ya haki, ndiyo maana naweza kuyaandika haya. Nimejifunza kwamba niliwashuku wote walionambia kweli, na yule mmoja niliyempenda sikumtazama vizuri hata siku moja.

Siku ile tulipotoka msikitini nilimfuata Masudi mpaka kichochoroni. "Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona kivuli," akasema. "Wewe umeona nini?"

Nikamjibu kwamba na mimi nimeona kivuli.