Grisi ya Makufuli kwenye Waya wa Seva

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala moja la mizigo Changamwe, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha kompyuta. Alinipa ufagio. "Vumbi likiingia humo ndani, tutaulizwa mimi na wewe," akaniambia. Miaka hiyo ya themanini kompyuta ilikuwa na chumba chake yenyewe, chenye mashine ya baridi, na sisi mafundi tukivua viatu mlangoni kama twaingia msikitini. Mimi mtoto wa Likoni, mwanamke peke yangu pale, wakiniita "fundi bibi" kwa kejeli. Sikuwajali. Anayetaka kucheka na acheke, mashine yake ikizima atanitafuta mbio!

Miaka ya tisini ilipoingia wakubwa wakaleta seva, yaani kompyuta kuu inayoweka mafaili ya ofisi nzima ili kila mtu ayafungue kutoka mezani kwake. Msifikirie haya mambo yenu ya hewani. Ilikuwa waya mmoja mweusi, unatoka meza hii unaingia meza ile, na kila ncha ya mwisho imefungwa kizibo cha chuma ili mawimbi yakifika pale yasirudi nyuma. Kompyuta zilikuwa kama shanga: uzi ukikatika popote, zote chini.

Meneja wa Ghala akatukusanya akatutangazia, "Mashine isiyoingia kwenye seva itaondoka, pamoja na anayeikalia."

Sote tulijua anayesemwa ni nani. Mzee Karisa, karani wa stoo, mtu wa Rabai aliyepanga Chaani na mkewe na watoto, ndiye aliyekuwa na kompyuta kongwe kuliko zote. Haikuwa hata na diski ndani. Ukitaka iamke uichomekee diski laini kwa mkono. Alinijia uso umemshuka.

"Mwanangu, hii yangu itaingia kweli?"

"Itaingia, baba, inshallah."

Nilisema kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa na hofu, maana nilimpenda mzee yule. Ndiye peke yake hakuwahi kuniita fundi bibi.

Wallahi, mashine ile ilinitoa jasho. Kadi ya mtandao, ule ubao mdogo unaopokea waya, ilikuwa ikigombea njia moja na printa, mpaka nikahamisha vijipini vyake kimoja kimoja. Kadi ilipotulia, nafasi ya kumbukumbu ikawa haitoshi: ukipakia programu ya kuzungumza na seva, ile ya hesabu za stoo haiingii tena. Nikawa napunguza hiki, naondoa kile, nawasha, nazima. Mzee ananiletea chai na mahamri, anachungulia. "Imekubali?" "Bado, baba." Basi mchana mmoja orodha ya mizigo ikatokea kwenye kile kioo chake cha herufi za kijani, imetoka kwenye seva.

"Heee! Imekubali!" Mzee alipiga makofi mpaka wapakizi wakaja kuangalia kuna harusi gani.

Kwa kuwa meza yake ilikuwa ya mwisho, kizibo kilikaa kwake. Nikamwambia, "Baba, hiki ndicho kilichoshika ofisi nzima. Kitunze."

Naye alikitunza. Pwani yetu hii hewa ina chumvi. Chuma usichokipaka mafuta kinaliwa ukikiangalia. Kila mwenye stoo ana kopo lake la grisi, na kila Jumamosi makufuli na bawaba zote hupakwa. Mzee Karisa alipoona kizibo kimeanza kuota kutu, akakifungua, akakishindilia grisi ile nyeusi ndani, akakifunga vizuri kwa mkono wake.

Jumatatu asubuhi hakuna kompyuta iliyoiona seva. Malori yamepanga foleni langoni, makarani wamekaa mikono mapajani. Nikaufuata waya meza kwa meza hadi stoo. Nilipofungua kizibo, vidole vikachafuka: grisi imejaa ndani, imetenganisha kizibo na waya.

"Nimekitunza, mwanangu," Mzee akaniambia, anatabasamu.

Meneja alikuwa keshafika nyuma yangu. "Nani amefungua hiki?"

"Mimi, bwana. Nilikitia grisi kisiliwe na kutu."

"Hii ni hujuma!"

"Bwana Meneja, si hujuma," nikasema. "Ni grisi tu. Nipe dakika chache nikisafishe."

"Fundi, hukuulizwa. Mzee, leta funguo za stoo."

Nikamkimbilia Mkuu wa Mitambo, aliyejua waya ule kuliko mimi. Aliinamisha kichwa. "Nina watoto wanasoma, Zuhura. Nawe una kazi. Nyamaza." Kabla ya adhuhuri Mzee Karisa alikuwa nje ya lango, kopo lake la grisi mkononi.

Nimestaafu sasa. Vijana wananiuliza kuhusu seva za zamani wakidhani nitacheka nikikumbuka. Sina cha kuchekea. Niliunganisha mashine nyingi mno, na yule mmoja niliyemuunganishia kwa moyo sikuweza kumtetea hata kwa neno moja lililosikilizwa. Inaniuma mpaka leo, na sidhani itaacha.

Jumapili iliyofuata kufukuzwa kwake nilikwenda kwake Chaani. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kiti. Mkewe alikuwa anapepeta mchele.

"Ilipona?" akaniuliza.

"Ilipona, baba."

"Uliifanyaje?"

"Nilikipangusa kile kizibo kwa kitambaa."

"Kisha?"

"Basi. Zikaamka zote."

Ungo ukasimama. Mzee aliitazama mikono yake.

"Kitambaa ninacho, mwanangu," akasema. "Wangeniambia, ningepangusa mwenyewe."