Natalia na Wanasesere Wasio na Macho

Saa tatu asubuhi, Sanyuanli, mtaa wa biashara nchini China. Natalia Komba amechuchumaa katikati ya makatoni, anamgeuzageuza mwanasesere mwekundu wa duara, asiye na mikono wala miguu. Anampapasa tumbo, ananusa kama rangi imekauka. Akiridhika, anamfunga kwenye karatasi. "Nenda baba, kawasalimie Japani."

Mama huyu wa Songea, mwenye umri wa miaka 41, hukagua bidhaa kwa niaba ya wanunuzi walio mbali. Wakimwamini, anakula. Wakimtilia shaka, hana kazi. Na mwanasesere wa namna hii nusura amrudishe Songea.

Ilikuwa wiki ambayo bunge la Japani lilivunjwa ghafla na uchaguzi ukaitishwa. Mnunuzi mmoja wa Osaka, Bwana Okabe, akaagiza wanasesere mia sita kwa ajili ya ofisi za wagombea, watengenezwe kwenye karakana ya Bi Liang. Walipofika kwa Natalia kukaguliwa, penye macho palikuwa na weupe mtupu.

"Nikasema haiwezekani! Mia sita, vipofu watupu?" anasimulia akijipiga paja. "Kiherehere changu hicho. Nikamwambia Bi Liang, laoban, yaani bosi, hebu wapakeni macho haraka, mteja atatutukana."

Bosi huyo alibisha kwamba oda haikutaja macho. Natalia akashikilia lake. Mafundi wakapaka, na wanasesere wakapendeza, si mchezo. Natalia akamtumia Okabe picha kwa mbwembwe zote.

Simu ikaita papo hapo. Okabe akamweleza kwamba mgombea hupaka jicho moja anapoweka nia. La pili hulipaka siku akishinda.

"Jamani! Kumbe nimewatangazia ushindi watu ambao hata kura hawajapigiwa!"

Ndege ya mzigo ilikuwa inaondoka kesho yake jioni. Mzigo ukiikosa, kampeni zingeanza bila wanasesere, na Bi Liang, mjane anayetegemewa na mafundi tisa, angebaki na mia sita wasionunulika.

Ingekuwa rahisi kuisingizia karakana. Natalia hafichi kwamba ulimi ulimwasha. "Lakini yule mama alinipikia uji nilipougua, akaninywesha kama mtoto. Leo nimtupie kosa langu? Hapana." Akamwambia Okabe aliyekosea ni yeye.

Okabe akauliza, "Mnaweza kuyafuta hayo macho?"

Bi Liang hakugomba. Alimsogezea Natalia kigoda, akampa brashi na kopo la rangi nyeupe. Wakapaka wote, bosi, mafundi na mkaguzi, na mzigo ukaiwahi ndege.

Baada ya kura, Okabe alituma picha. Mama mmoja aliyeshindwa mara tatu huko nyuma, safari hii amepita, anapaka jicho la pili huku analia. Natalia akaikuza picha. Chini ya rangi nyeupe alikiona kivuli cha doa jeusi.

"Wangu huyo! Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Mkongo akaja kugonga mlango."

Okabe ameagiza tena, na Natalia sasa anadunduliza nauli ya kwenda Japani. Kila anayemsikia anadhani anakwenda kumpongeza yule mbunge.

"Yule ana watu wake," anasema, akivuta katoni nyingine. "Mimi naanza na walioshindwa. Wamekaa huko na mwanasesere wa jicho moja niliyemfunga kwa mikono yangu. Nataka niingie kwao, nikae kidogo, niwape pole."