Karatasi Arobaini za Sabina

Mnanisumbua na kalamu, mimi niliyeishia darasa la tatu. Aliyesoma ni Sabina, na yupo, angeandika mwenyewe. Lakini anarudi kazini miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa, nani atamwambia ashike kalamu tena? Basi naandika, na atakayecheka mwandiko wangu achekee kwake.

Sabina huyu, jirani yangu wa hapa Igogo, alikuwa na mwaka wa kumi na moja akisimama kwenye meza ya kiwanda cha minofu, anachuna sangara. Jioni anakwenda chuo. Alisomea tabia za watu kazini: kwa nini huyu anafanya kazi kwa moyo, kwa nini yule ananyamaza. Mwaka wa tatu ulipofika akatakiwa afanye utafiti, akachagua wanawake wenzake wa kiwandani.

Akatengeneza karatasi arobaini za maswali. Sasa kwa vile alilelewa akaleleka, hakuzigawa yeye. Kwetu huingii kwa watu bila kupita kwa mwenye kaya. Akampelekea msimamizi, mzee Mashimba, kwa mikono miwili. Mashimba akafurahi, akazigawa mwenyewe, akazikusanya mwenyewe.

Mwalimu wa chuo akazifunua moja moja.

"Sabina, watu arobaini, wote 'nimeridhika sana'? Huu ni utafiti au kwaya? Una wiki mbili. Ukishindwa, unarudia mwaka."

Mwaka! Mwaka mwingine wa kutoka mezani ananuka samaki, akakae darasani na watoto waliooga.

Kesho yake, wakati wa chai, akamfuata Paskazia, mkubwa wao pale mezani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, msomi. Umefaulu?"

"Mmeniua, dada. Mbona mmeandika uongo?"

Wanawake wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Karatasi kaishika Mashimba, ulitaka tumwandikie nini?" Paskazia akasema. "Na wewe mwenyewe, maswali thelathini, hata moja la choo hamna! Au huko chuoni hawajisaidii?"

Meza yao ya watu ishirini ilikuwa na kibao kimoja cha ruhusa ya choo, na asiyekivaa shingoni hatoki. Ndiyo maana hawanywi maji tangu alfajiri. Miaka kumi na moja naye Sabina hanywi, akaona ndivyo kazi ilivyo.

"Nitauliza upya, mimi mwenyewe," akasema. "Majina yenu sitaandika."

"Yetu usiandike. Lako liandike. Usitufanye sisi wagonjwa, wewe daktari."

Hapo ndipo penye mwiba, maana nakala moja ya utafiti lazima iende kwa wakubwa wa kiwanda. Siku tatu aliandika majibu ya wenzake tu. Ya nne akaandika: mimi Sabina, mchuna samaki, sinywi maji kazini, na sababu ni hii.

Chuo kimemfaulisha. Vibao sasa ni vitatu kila meza. Yeye Sabina, Mashimba kamhamishia chumba cha barafu, anatetemeka huko mpaka leo. Ukimpa pole anakujibu, "Nimechoka tu, mama," anavua viatu.

Sasa wewe unayesoma. Kama una watu wanaokufanyia kazi, hata wawili wa dukani, waulize wewe mwenyewe, msimamizi wako awe mbali, na wewe ujibu wa kwanza, kama Sabina. Halafu majibu uniletee hapa Igogo, kwa miguu yako.