Daftari Aliloondoka Nalo Enesi

Sitakulazimisha uniamini, lakini sikuota wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa kumi alasiri, chumbani kwangu katika mji mdogo wa Mpemba, malori yakinguruma barabarani kama kila siku.

Mimi naandika hadithi. Nina vitabu viwili vilivyochapwa na wasomaji wachache. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mdogo wangu Enesi, aliyeolewa Igamba, na alikuwa mkali. Akisema mhusika fulani haongei kama watu, nilijua nina kazi ya kurudia.

Ugonjwa wa figo ulipomlaza kitandani, nikawa namsomea riwaya yangu mpya, sura moja kila Jumapili. Ikabaki ya mwisho. Jumatano shemeji akanipigia simu kwamba mgonjwa anaiulizia, niende. Nikamjibu bado nairekebisha, nitakuja Jumapili. Unasikia maneno hayo? Igamba si mbali. Ningepanda gari asubuhi, mchana ningekuwa naye.

Ijumaa umeme ulikatika tangu alfajiri, simu ikazima. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba hakuna wa kunisumbua. Nikaandika mpaka nikamaliza. Nilipoinua kichwa, Enesi amesimama mlangoni, kajifunga kitenge chake cha kijani, mashavu yamejaa kama kabla hajaugua.

Sikuogopa. Nilidhani amepona. Nikamuuliza amekujaje, akasema alipata usafiri. Nikataka kumwashia jiko la chai, akakataa.

"Soma, dada. Sina muda."

Nikasoma. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kafumba macho. Nilipofika pale mama wa kwenye riwaya anapofiwa, akanishika goti. Mkono wake ulikuwa baridi, baridi ya maji ya mtungini.

"Hapo umedanganya. Aliyeachwa halii hivyo."

"Analiaje?"

"Utaona."

Akalichukua daftari, akasema atamalizia njiani. Niliinama kutafuta viatu nimsindikize, kuinuka, hayupo. Mama mwenye nyumba alikuwa anafua palepale mlangoni tangu mchana. Hakuona mtu akiingia wala akitoka.

Umeme ulirudi jioni. Simu ilipowaka, ujumbe wa shemeji ukaingia. Enesi alikuwa amefariki saa tatu asubuhi.

Shemeji aliniambia kwamba usiku kucha alikuwa akiuliza kama nimefika. Kwenye mazishi wenzangu walilia kwa sauti. Mimi sauti haikutoka. Nilikuwa nakunja na kukunjua upindo wa kitenge, mpaka mtu akaja kunishika vidole.

Daftari nililitafuta chumbani kwangu, nikalitafuta nyumbani kwake, chini ya godoro, kwenye masanduku ya nguo. Halikuonekana. Sura ile haikuwa na nakala nyingine.

Sasa ni mwaka wa nne. Mhariri aliacha kunipigia. Nimeiandika upya sura hiyo mara nyingi, na kila mara nafuta, maana hakuna wa kuniambia nimedanganya wapi. Vitabu vya wengine navisoma mpaka katikati, kisha naviweka.

Kama na wewe unaandika, na kuna mgonjwa anayesubiri maneno yako, usimwambie unarekebisha. Mpelekee leo, na makosa yake yote, umsomee akiwa bado anaweza kukukatiza.