Hoteli Niliyompeleka Kaka Yake Zaituni

Ipo alasiri moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na ukinivumilia utajua kwa nini. Nasema ukinivumilia kwa sababu shule niliiacha darasa la pili, sikufundishwa kupanga maneno kwa foleni. Yanakuja yanavyokuja.

Ulikuwa mwaka ule ule wa uhuru, hapa hapa Rumonge. Bendera mpya ilikuwa haijafifia rangi, na Bujumbura tulikuwa bado tunaiita Usumbura. Mimi nilikuwa kijana, fundi cherehani, mashine yangu ipo barazani kwenye duka la Mwarabu, na nilikuwa nimempenda Zaituni wa Uvira, upande wa Kongo. Nilimwona mara mbili tu, kwenye harusi ya shangazi yake. Mara mbili zilitosha. Nikapeleka ujumbe kwao, na baba yake akajibu kwa ufupi: atakuja Ramazani.

Ramazani alikuwa kaka yake Zaituni, tena rafiki yangu, maana tulijifunza kushona pamoja kwa fundi mmoja. Utasema, kama ni rafiki, hofu ya nini? Mwanangu, kwetu sisi kaka wa binti akija hasemi amekuja kukupima. Anasema amekuja kukutembelea. Anakula kwako, anaswali na wewe, anatazama unavyoishi na watu, kisha anarudi kwao, na neno atakalomwambia baba yake ndilo hilo hilo, halina rufaa. Nawe unajifanya hujui. Wote mnajua, hakuna anayesema.

Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa na swali moja kichwani: chai ya alasiri nimpeleke hoteli gani?

Sisi tuliita hoteli popote palipochemshwa chai. Kulikuwa na ya Mama Siwema nyuma ya soko, vibao vya kukalia, chai ya maziwa yenye tangawizi, na maandazi ya kukaangwa kwa mawese, mekundu, ukila yanakuacha midomo inang'aa. Na kulikuwa na ile nyingine kando ya ziwa, yenye baraza la saruji na vitambaa vya meza. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Kabla ya uhuru niliingia humo mara moja tu, tena kwa mlango wa jikoni, kupeleka mapazia niliyoyashona. (Mapazia yenyewe yalidumu miaka, hayakuachia hata uzi. Nasema tu.) Sasa mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye shati safi, na shati nilikuwa nalo, nimejishonea mwenyewe, mifuko miwili.

Mama Siwema alipopata habari alinisimamisha sokoni, mikono kiunoni.

"Eti unamupeleka mugeni kwa Wazungu? Chai yangu iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya, Mama. Lakini huyu ni mgeni mkubwa."

"Mugeni mukubwa, koo yake nayo kubwa? Haya, nenda. Akitoka huko na njaa, mulango unaujua."

Ramazani akafika juu ya lori la samaki, kanzu imebeba vumbi la njia yote ya Kabezi na Gitaza. Akaoga, tukaswali alasiri, nikamwongoza moja kwa moja hadi kwenye baraza lile. Siwezi kukuficha, nilijisikia mkubwa. Meza ya pili alikaa karani mpya wa serikali, tai shingoni, na mke wake ameshika kikombe kwa vidole viwili kama ameokota kifaranga. Aliyetuhudumia alikuwa Mzee Sefu, jirani wa marehemu baba yangu, aliyekuwa akiwapelekea Wazungu chai humo tangu mimi sijazaliwa.

Chai ikaja, nyeusi, ya moto wa kuunguza, kwenye vikombe vyembamba juu ya visahani. Ramazani akafanya kama watu wote wa mtaa wetu wa Waswahili, na wa kwao Uvira, na babu zetu waliotoka Manyema: akamimina chai kwenye kisahani, akakiinua kwa mikono miwili, akapuliza, akavuta. Fyuuu! Sauti ile kwetu ni shukrani. Mwenye nyumba asipoisikia anauliza kama sukari imepungua.

Karani akageuza shingo. Na mimi, mwanangu, mimi niliyekulia kwenye kisahani, nikaona haya. Nikamwinamia Ramazani nikamnong'oneza, "Ndugu yangu, hapa hawanywi hivyo. Watu wanatutazama."

Akarudisha kisahani mezani taratibu. "Nimetosheka," akasema.

Alikuwa amevuta mara moja tu. Akaweka mikono juu ya magoti, akatazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kama mtu aliyekwisha kuanza safari ya kurudi. Nikaelewa. Zaituni alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyemfungulia njia.

Mzee Sefu alikuwa nyuma yangu na sinia lake. Alisikia yote. Hakupaza sauti, wazee wale hawakuwa na haja ya kelele.

"Mutoto wa Hamisi," akasema, "miaka yote nimeleta chai hapa, sijakaa hata siku moja kwenye hii kiti. Nilifikiri uhuru ukikuja, watu wetu watakaa hapa wakunywe vile wanakunywaga kwao. Sasa umekuja, na wa kwanza kumukataza mugeni ni weye?"

Masikio yalikuwa yananiwaka. Ningeomba radhi kwa maneno, lakini maneno ndiyo yaliyoniponza. Nikachukua kikombe changu, nikamimina kwenye kisahani hadi ukingoni. Nikakiinua kwa mikono miwili. Nikavuta, mwanangu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nadhani hata wavuvi walisikia.

Mke wa karani akaangua kicheko.

"Murakoze, asante, ba ndugu! Hata miye hii kikombe inaniunguza vidole tangu nikae."

Akamimina ya kwake. Mume wake akamtazama, akaitazama tai yake, akailegeza, akamimina. Fyuuu huku, fyuuu kule! Wafanyabiashara wawili wa mawese waliokaa kona wakaitikia. Baraza zima la Wazungu likawa linavuta chai, na Mzee Sefu, nakuapia, akaweka sinia chini, akavuta kiti, akakaa. Nikammiminia mimi, kwa mkono wangu.

Ramazani alikuwa wa mwisho kushika kisahani. Akanywa chote, akapangusa masharubu.

"Zaituni anavuta kuliko mimi. Nyumba ya pili wanasikia. Utamkataza?"

"Siku nitakapomkataza, uje umchukue."

"Hapo umesema, shemeji."

Shemeji! Nilitaka kupanda juu ya meza. Tukatoka tukamalizia kwa Mama Siwema, ambaye hakutusemesha mpaka Ramazani alipofika andazi la tano.

Mwezi uliofuata Zaituni akavuka ziwa akaja kwangu. Na mwaka wa 1972, yalipotufika mauaji yale ya hapa Rumonge, ambayo leo siyasimulii, tulipovuka sisi na watoto watano na cherehani ndani ya mtumbwi, mlango uliofunguka ng'ambo ulikuwa wa Ramazani. Hakuuliza tutakaa hadi lini. Aliita jikoni wabandike maji. Tuliingia wote, hakupungua hata mmoja.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Rafiki akikujia kutoka mbali, usimchagulie hoteli kwa ajili ya macho ya watu wa meza ya pili. Tafuta roho yake inapenda nini, umpeleke hapo, iwe kwenye vitambaa vyeupe au kwenye vibao. Na mkishakaa, usimwonee haya, hata dunia nzima igeuze shingo. Ukiwa umeshamwonea haya, kama mimi, usikae na aibu yako kimya. Irekebishe pale pale, mbele ya wale wale walioiona.

Mungu akujalie rafiki wa kukuita shemeji, akupe mwenza wa kukuchekesha hadi meno yaishe, na watoto wako wajivunie kukaa na wewe popote. Amina.