Shusha Kikapu, Naimat

Mimi si mtu wa kuamini majini. Nina saluni, na siku nzima nasikiliza wanawake wenye vichwa vilivyojaa povu, kila mmoja na jini lake: la huyu limemfungia ndoa, la yule linamla nywele. Nawaambia, dada, nywele zinakatika kwa sababu ya dawa uliyonunua kwa bei ya karanga. Lakini alasiri ile niliyomsikia marehemu Lutfi akimwita mkewe, na mazishi yake nilihudhuria kwa miguu yangu mwenyewe, gilasi ya chai ilinitoka mkononi.

Mkewe ni Naimat, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, huku mtaani kwetu Muharram Bek. Ujanani alikuwa akitia vifungo katika kiwanda cha mashati, na mpaka leo ukikaa karibu naye atakukazia kifungo kilicholegea bila kukuomba ruhusa, huku mdomo unaendelea na habari za mtaa. Lutfi aliendesha tramu. Kila alasiri akitoka kazini alisimama barabarani chini ya roshani na kupaza sauti: "Naimat, shusha kikapu! Niko chini!" Mkewe alishusha kikapu kwa kamba, Lutfi akatia mikate, nyanya na gazeti, kisha akapanda ngazi mikono mitupu kama bwana mkubwa. Daktari alipomkataza kupiga kelele kwa ajili ya koo lake, hakukubali kubeba mzigo ng'o. Alianza kutuma maneno yale yale kwa simu, kwa sauti yake, na Naimat akiyasikia jikoni alitoka na kamba. Tuliwacheka sana, nao walicheka pamoja nasi.

Lutfi alipofariki, Naimat alibaki peke yake na vyumba vitatu vyenye dari za juu. Mwanawe wa pekee, Wagih, anaishi mbali, mji wa Burj al-Arab nje ya jiji letu, na mkewe. Alimletea mama yake spika moja ya hizi za kisasa, ndogo, ya kubebeka, inayoshika waifai, ili redio ya Kurani isome mchana kutwa. Kwetu nyumba haiachwi kimya. Watu husema nyumba ikinyamaza mno hupata wakazi wengine, na Naimat aliliamini hilo kabisa.

Sasa hiyo waifai. Paswedi yake ilikuwa namba ya simu ya marehemu, na namba hiyo jengo zima lilikuwa nayo, kwa kuwa Lutfi ndiye aliyepigiwa kila lifti ilipokwama. Mgeni akiingia kwa Naimat alipewa chai, na pamoja na chai alipewa namba. Wanafunzi wa ghorofa ya juu walikuwa nayo, wa mkahawa wa chini walikuwa nayo, muuza gesi pia. Nilimwambia mpaka nikachoka.

"Mama Wagih, mlango unaupiga makomeo mawili, halafu huku umeacha wazi kama soko."

"Wewe Enayat, jirani akikuomba maji ya kunywa utamnyima?"

"Maji hayaingii ndani ya nyumba yako kukusikiliza unavyokoroma."

"Basi ni namba ya Lutfi. Nikiibadilisha ni kama nimemtoa nyumbani."

Nikamalizia chai yangu, nikarudi saluni.

Ilianza majira ya dhoruba, mvua ikipiga mbao za madirisha. Alinigongea mlango akiwa na gauni la nyumbani na kamba ya kikapu imelowa mkononi.

"Lutfi kaniita," alisema.

"Lutfi gani?"

"Mimi nina Lutfi wangapi? Kurani ilikuwa inasoma, ikakatika, akaniita. Shusha kikapu, Naimat. Niko chini. Nikashusha."

"Ukashusha kikapu?"

"Aliniita, Enayat. Ningefanyaje?"

Nilimpa chai ya nanaa, nikamwambia ni usingizi wa mchana. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nikitoka sokoni, nikamwona kwa macho yangu. Mvua inanyesha, barabarani hakuna mtu, na kikapu kinashuka polepole mpaka kikagusa lami. Kikakaa pale, kitupu. Juu, Naimat ameinama kwenye roshani anasubiri. Wanaume wa mkahawani walitazama, kisha wakatazamana. Alipokivuta kilikuwa na uzito, na kilipofika juu akakuta paka wa mtaani ndani yake, ameloa chapachapa, amemkodolea macho. Aliniambia kisa hicho nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki, na kicheko kikanikauka.

Mtaa ukaanza kusema. Mjane wa Lutfi kaguswa na jini. Mjane wa Lutfi anamvua marehemu kwa kamba kama samaki. Na maneno hayo yalimfika Wagih upesi mno, maana Ijumaa iliyofuata alikuja na sura ya huruma mpaka masikioni. Mimi nilikuwepo.

"Mama, upweke umekuchosha akili. Njoo ukae kwangu, kuna chumba cha nyuma."

"Kile cha kuwekea magunia?"

"Tutakisafisha, mama. Na hapa mimi nitapafanya ofisi, pasikae bure. Siku moja utainama kwenye hiyo roshani utaanguka. Watu watanisema vipi?"

"Watakusema tu, mwanangu. Kazi yao hiyo."

Alijibu hivyo, lakini sauti ilikuwa imepungua. Wagih alipoondoka alinishika mkono. "Enayat, kama kweli nasikia yasiyokuwepo, si bora niende?" Aliingia akiwa bibi arusi katika nyumba ile, akazaa mle, akamwosha mumewe mle. Na sasa alikuwa akiziangalia kuta kama mtu anayeaga. Roho iliniuma, kusema kweli.

Basi nikawa nafunga saluni mapema na kukaa naye alasiri. Siku ile msomaji wa redio alikuwa katikati ya aya, sauti yake ikatulia, spika ikalia kidogo, kisha kimya. Kimya kile sikukipenda. Paka, ambaye Naimat alikuwa amemchukua, alishuka kitini akaingia chini ya kabati. Kisha Lutfi akasema, pale pale chumbani, kwa sauti yake ya koo bovu:

"Naimat, shusha kikapu. Niko chini."

Akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa.

Hapo ndipo gilasi iliponitoka. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye mtengeneza nywele. Naimat alinitazama, machozi yanamtiririka, na uso unang'aa kwa furaha. "Umesikia? Na wewe umesikia?" Alishafika kwenye roshani na kamba. Na sauti ikarudia: shusha kikapu, Naimat, niko chini, na kikohozi. Ikarudia tena. Mpaka kikapu kilipogusa lami ndipo Kurani ikaendelea.

Nilikaa sakafuni nikikusanya vipande vya gilasi. Na katikati ya kuviokota nikaanza kukasirika, sababu ni kile kikohozi.

"Mama Wagih, kila siku anakohoa?"

"Kila siku."

"Mwishoni? Hivyo hivyo, kidogo, mara moja?"

"Koo lake lilikuwa hivyo."

"Koo lake likikohoa leo litakohoa vingine kesho. Hiki ni kikohozi kilekile."

Nikakumbuka saluni. Wakati mmoja, mteja kajilaza nimempaka hina, televisheni yangu ilianza kupiga nyimbo za harusi peke yake. Kumbe msichana wa jengo la pili alikuwa kwenye waifai yangu, akabonyeza vibaya kwenye simu, muziki wake ukaja kwangu. Aliyemo ndani ya waifai yako anaweza kusema kupitia chochote kilichomo humo. Nilibadilisha paswedi siku hiyo hiyo.

"Ile sauti aliyokuwa akikutumia Lutfi kwa simu," nilimwuliza, "nani mwingine anayo?"

Naimat alifuta uso. "Lutfi hakuwahi kujua kumtumia mtu mmoja. Kila kitu alikitupa kwenye grupu la familia. Shemeji wote wanayo, binamu wote. Walikuwa wanamcheka."

"Na namba yake anayo kila mtu."

Alielewa. Niliona anavyoelewa, na sikupenda kuona. Furaha ilimtoka usoni taratibu. "Kwa hiyo si yeye," alisema. "Kwa hiyo Lutfi amekufa kweli." Akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, nami nilikaa naye sakafuni mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Kesho yake tulikaa mbele ya ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, kilichokuwa juu ya kabati karibu na roshani. Nilimfungulia mahali pa kubadilishia, na kwanza nikabadilisha ile paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo ilikuwa bado ile iliyokuja na ruta, imebandikwa mgongoni mwake kwa kila mwenye macho. Kisha nikamwambia: "Sasa ya waifai. Iwe ndefu. Si jina, si namba ya simu, si mwaka wa mtu. Chukua maneno kadhaa yasiyohusiana, jambo unalolijua wewe tu, uchanganye na tarakimu na alama. Na usimwambie mtu. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi. Saluni yangu haina mlango wa maneno."

Alifikiri sana. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, nikaona tabasamu la upande mmoja, la msichana wa kiwandani. "Kuna kitu Lutfi aliniambia kwenye tramu kabla hatujaoana," alisema. "Wewe geuka, Enayat." Nikageukia ukuta, nikamsikia akiandika kwa kidole kimoja.

Jengo zima lililalamika. Wanafunzi walishuka, wa mkahawani wakapanda, muuza gesi alinuna. Naimat aliwapa chai wote, na paswedi hakumpa yeyote, ingawa alikuwa akiona aibu mpaka shingo inakuwa nyekundu. Na sauti ikakoma. Dhoruba ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, Kurani ikasoma bila kukatika. Alianza kukaza vifungo vya watu tena. Alimpigia Wagih simu akamwambia haendi Burj al-Arab, akili zake zimerudi mahali pake.

Wagih akaja. Alikaa muda mfupi, akala, akasifu mahshi, mboga zilizojazwa wali. Nilikutana naye kwenye ngazi akishuka, akaniamkia vizuri kabisa. Nilipoingia, Naimat alikuwa akikunja kitambaa cha meza bila kunitazama.

"Mama Wagih, umefanya nini?"

"Bando lake lilikuwa limeisha. Alikuwa na simu ya kazi."

"Umempa."

"Sikumtajia. Nimemwandikia mwenyewe kwenye simu yake."

"Nilikuambia hata mimi usiniambie!"

"Wewe ni jirani," alisema, ukali umempanda. "Yule nimemzaa. Nimnyime mwanangu kitu cha nyumba ya baba yake? Hakuna mwingine aliye nacho, ni yeye tu. Tulia."

Nilitulia, lakini sikutulia.

Dhoruba iliyofuata ilikuwa ya upepo mtupu. Alasiri tulikuwa tukichambua molokhia, majani yamejaa meza. Msomaji akanyamaza katikati ya neno. Paka akaingia chini ya kabati.

"Naimat, shusha kikapu. Niko chini."

Na kikohozi.

Sikutazama spika. Nilimtazama yeye. Mkono wake ulibaki hewani na jani moja kati ya vidole, na uso wake ulizeeka nikiuangalia. Sauti ikarudia. Nje upepo ulikuwa ukibamiza dirisha la mtu. Mwisho Naimat aliweka jani kwenye sinia, akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda roshani akachungulia. Nami nikamfuata. Barabarani, karibu na mlango wa jengo, palikuwa na gari jeupe ambalo sote tunalijua, vioo vimefungwa, ndani mtu ameinamia mwanga wa simu.

"Kweli yuko chini," Naimat alisema.

Alirudi ndani, akaichukua spika ikiwa inaendelea kumwita, akaitia ndani ya kikapu. Alikishusha taratibu, kamba ikipita mikononi mwake, na sauti ya Lutfi ikashuka nayo ghorofa kwa ghorofa, Naimat, shusha kikapu, niko chini, mpaka wanaume wa mkahawani wakasimama na mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kikapu kilitua juu ya gari, mbele ya kioo.

"Wagih!" aliita. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo, ile ilikuwa kazi ya mumewe. "Mchukue baba yako!"

Ndani ya gari mikono ilipapasa simu, na Lutfi akakatika kabla hajakohoa. Mlango ulipofunguliwa, Wagih alitoka bila kuinua kichwa, akaitoa spika kikapuni mbele ya mtaa mzima, akaingia nayo garini, akaondoka.

Naimat alivuta kikapu kitupu, akakining'iniza mahali pake. Nyumba ilikuwa kimya, na safari hii hakuna aliyetafuta redio nyingine. Alikwenda akakaa mbele ya ruta.

"Geuka, Enayat," aliniambia.

Nikageukia ukuta. Nilimsikia akiandika kwa kidole kimoja, akisimama, akifuta, akianza upya, huku akilia.